Je, Asiyekunywa Ana Deni?

Soma Mwanzo 9:20–24, Habakuki 2:15, Luka 10:33–35.

Huko Mungaa, mkoani Singida, pombe ya mtama na uwele ni ya tangu enzi za mababu. Kijana wa hapo aendapo chuoni Dodoma au Dar es Salaam hukutana na bia, pombe kali, na pengine gongo isiyojulikana imepikwa na nani. Serikali ilipiga marufuku viroba tarehe 1 Machi 2017, lakini sherehe za wanafunzi hazijakoma.

Kanisa linafundisha kujiepusha kabisa na kileo, kwa kuwa mwili ni hekalu la Roho Mtakatifu (1 Wakorintho 6:19, 20). Swali ni jingine: mwanafunzi Mwadventista akijua kwamba wenzake watakunywa, ana wajibu gani kwao? Wengine husema kwamba kuwasaidia walevi wawe salama ni kuwarahisishia dhambi. Hoja hiyo ina uzito. Habakuki anamtamkia ole amnyweshaye jirani yake. Anayechangia fedha za kinywaji yumo ndani ya ole huo.

Hata hivyo, kumnywesha mtu na kumwokoa aliyekwisha kunywa ni mambo mawili. Nuhu alipolewa, Shemu na Yafethi walimfunika. Tendo lao halikuhalalisha divai. Lilimhifadhia baba yao heshima. Msamaria naye hakumhoji majeruhi kwa nini alipita njia ya hatari.

Upendo wa namna hiyo huhitaji maarifa. Aliyelewa hata haamshiki halazwi chali. Hulazwa ubavu, asije akapaliwa na matapishi, na mtu hubaki naye. Kahawa na maji ya baridi havimlevui; ini huhitaji muda. Akipumua kwa shida, au akisema haoni vizuri baada ya kunywa gongo, apelekwe hospitali mara moja. Methanoli hupofusha na kuua; mwaka 2000 pombe yenye sumu hiyo iliua watu zaidi ya 100 jijini Nairobi. Binti aliyelewa asiachwe arudi bwenini peke yake, wala mtu asipande bodaboda ya dereva aliyekunywa.

Haimlazimu kijana kukaa karamuni ili kufanya haya. Yatosha wenzake wajue kwamba wakimpigia simu usiku wa manane atakuja. Akijua la kufanya, kisha akajificha ili sifa yake isichafuke, Yakobo 4:17 inamhusu.

Je, mlevi hatazoea kuokolewa? Huenda. Lakini Nuhu aliamka, akajua yaliyotendeka. Onyo husikilizwa na aliye hai, na hupokelewa vizuri zaidi likitoka kwa yule aliyekesha naye.

Tafakari: Ni wapi msaada hugeuka kuwa ushirika katika kosa? Mwanafunzi wa kanisa lenu akilewa leo usiku, angethubutu kumpigia simu nani miongoni mwenu?