Kutoka City Stadium kwa Miguu

Ukishuka matatu City Stadium jijini Nairobi, ukamalizia safari kwa miguu hadi Muthurwa, umeshaanza mazoezi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo. Mwili uliofanya kazi hulala, na aliyelala vizuri huamka akiwa na nguvu kidogo za kuikabili kodi ya nyumba.

Chakula nacho kina neno. Mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya wiki 12 kwa watu wazima 67 wenye sonona. Kati ya waliosaidiwa kula mboga, vyakula vya jamii ya kunde, samaki na nafaka zisizokobolewa, takriban thuluthi moja walipata nafuu kamili. Kati ya waliopewa mtu wa kuzungumza nao tu, asilimia 8. Mama mboga wa Kayole au Umoja ana managu, terere na ndengu. Omena ioshe kwa maji moto, ikaange na vitunguu na nyanya mpaka ploti nzima inukie. Huniuma kuona kijana akishinda kwa chai ya rangi na mandazi, jioni chipsi, kisha tunamwita mvivu.

Wengi wa washiriki wa utafiti ule waliendelea na matibabu yao ya kawaida. Huzuni ikikaa wiki mbili bila kuondoka, mwombe mtu wa karibu akusindikize kliniki, hata kama unatembea na kula vizuri.