Kifafa na swali la nani kakosa

Daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norway, alipoanza kutibu kifafa huko Mahenge, mkoani Morogoro, mwanzoni mwa miaka ya 1960, aliwakuta wagonjwa wenye makovu makubwa ya moto. Mtu alianguka kando ya mafiga, mkono ukaingia kwenye makaa, na waliokuwa karibu wakarudi nyuma. Waliamini kwamba mate yake yanaambukiza, na kwamba kuna pepo nyuma ya yote.

Kwa nini ugonjwa wa ubongo hutafutiwa mkosaji? Malaria haiulizwi dhambi ya mtu. Kifafa humnyang'anya mtu fahamu hadharani, kisha humrudisha asijue lililompata, na anayetazama huona kama kuna mwingine aliyemwingia. Kumbe ni umeme wa ubongo uliovurugika kwa muda.

Waumini wana haki ya kuuliza maandiko yanasemaje. Mathayo 4:24 inawataja wenye pepo na wenye kifafa kila kundi mbali. Ni kweli kwamba katika sura ya 17 pepo anakemewa kwa ajili ya kijana aliyekuwa akianguka motoni na majini. Lakini hata hapo baba alimleta mwanawe mbele za watu, hakumficha. Na Yesu alipoulizwa kuhusu kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, alijibu kwamba si yeye wala wazazi wake. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari, mwanamke mwenye kifafa alimwendea Mtume, akachagua kusubiri kwa ahadi ya Pepo, akaomba dua moja tu: asifunuke mwili anapoanguka. Hakuulizwa alikosa nini. Heshima yake ndiyo iliyolindwa.

Huko Mahenge, watafiti wamekihusisha kifafa na usubi, ugonjwa unaoenezwa na inzi wadogo weusi wanaozaliana kwenye mito iendayo kasi. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila degedege wakipata matibabu sahihi. Vidonge vya fenobabitoni ni vya bei nafuu, na vinataka kumezwa kila siku, si siku ya kuanguka tu.

Basi mchungaji na shehe waombe, na watamke mimbarani kwamba dawa isiachwe. Nawe ukimwona mtu ameanguka, msogeze mbali na moto, mlaze ubavu, usimtie kijiko mdomoni, na degedege ikipita dakika 5 mkimbize hospitali.