Namba Zilizokatwa Mstari

Juni 1922, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza Ireland, hifadhi ya nyaraka iliyokuwa Four Courts, Dublin, iliteketea. Sensa za 1821 hadi 1851 karibu zote zikawa majivu. Ndiyo maana anayewatafuta wazee wake wa Ireland hukimbilia sensa za 1901 na 1911, kisha anaanza kubadilishana vipande na watafiti wenzake: huyu ana rekodi ya ubatizo, yule picha ya kaburi. Kila kinachopatikana kinaanikwa.

Hivi marehemu hana siri?

Sensa ya 1911 iliwauliza wanawake wenye waume: watoto wangapi wamezaliwa hai, wangapi bado wapo? Unasoma “tisa”, halafu “wanne”. Pengine mama huyo hakuwahi kuwataja wale watano hata kwa wajukuu. Leo mtu asiyemjua, kikombe cha chai mkononi, anamhesabia.

Nilikuwa karibu kusema tuwaache. Walionizuia ni wajane. Swali halikuwahusu kabisa, lakini wengi walijibu tu, na polisi aliyekusanya fomu akapitisha mstari juu ya namba zao, maana hazikutakiwa. Chini ya wino wake bado zinasomeka.

Sasa huyo ameibiwa siri gani? Yeye mwenyewe, mkuu wa kaya, alitaka iandikwe.

Ila kwa mke ambaye fomu ilijazwa na mumewe, siwezi kusema hivyo. Kwake bado nasita.