Upendo na Ushahidi katika Filamu ya Spellbound

Spellbound ni filamu ya Marekani ya mwaka 1945 iliyoongozwa na Alfred Hitchcock. Mhusika mkuu ni Dkt. Constance Petersen, aliyeigizwa na Ingrid Bergman, daktari wa magonjwa ya akili katika hospitali ya Green Manors, jimboni Vermont. Hadithi ni ya mapenzi na mauaji, lakini imebeba swali zito la falsafa: je, mtu ana haki ya kuamini jambo kabla ya kupata ushahidi wa kutosha?

Mkuu mpya wa hospitali, Dkt. Edwardes (Gregory Peck), anawasili kumrithi Dkt. Murchison. Wakiwa mezani, Constance anachora mistari kwa ncha za uma juu ya kitambaa cheupe, na mgeni anabadilika uso papo hapo. Baadaye Constance analinganisha sahihi ya mgeni na ile iliyo kwenye kitabu cha Edwardes, akakuta hazifanani. Mgeni ni John Ballantyne, mtu aliyepoteza kumbukumbu, na mwenyewe anasadiki kwamba amemuua Edwardes. Constance, ambaye amekwisha kumpenda, anashikilia kwamba hana hatia.

Wahenga walionya juu ya hali hiyo: ukipenda, chongo huita kengeza. Mwanafalsafa Mwingereza W. K. Clifford alitoa onyo kali zaidi mwaka 1877. Alisimulia habari za mwenye meli aliyejiaminisha kwamba meli yake kuukuu ni nzima, akairuhusu ing'oe nanga na abiria ndani yake. Kwa Clifford, mtu huyo ana hatia hata kama meli ingefika salama, kwa sababu hakuwa na haki ya kuamini alivyoamini. Mwaka 1896 Mmarekani William James alimjibu kwamba zipo kweli zisizojitokeza mpaka mtu aamini kwanza. Urafiki ni mfano: anayesubiri uthibitisho kamili wa wema wa mwenzake hapati rafiki kamwe.

Ndani ya filamu, sauti ya tahadhari ni ya Dkt. Brulov, mwalimu wa Constance. Constance na John wanajificha nyumbani kwake, na usiku John anashuka ngazi akiwa na wembe mkononi. Mzee anamkaribisha kwa upole na kumpa glasi ya maziwa aliyoyatia dawa ya usingizi. Asubuhi anataka polisi waitwe. Constance anamsihi, naye anakubali kusaidia.

Hapo ndipo imani ya Constance inapojipambanua na ya mwenye meli. Yule aliamini ili asikague mbao. Constance anaamini, kisha anakagua kila ubao. Anaichambua ndoto ya John, ambayo mandhari yake yalibuniwa na mchoraji Salvador Dalí. Anatambua kwamba mistari inayomtisha ni alama za skii kwenye theluji, na anarudi naye kwenye mteremko ambako Edwardes alikufa; huko John anakumbuka ajali ya utotoni iliyomuua ndugu yake. Risasi inapopatikana mwilini mwa Edwardes na John kutiwa gerezani, Constance hakati tamaa. Siku moja Murchison anaponyokwa na neno kwamba alimfahamu Edwardes kidogo, ingawa alikuwa amempokea John kama Edwardes. Constance anairudia ile ndoto na kumtambua muuaji: ni Murchison mwenyewe.

Upendo, basi, haukumpa Constance jibu. Ulimpa subira ya kuendelea kusikiliza wakati wengine wamekwisha kuhukumu. Hilo halihalalishi mapenzi kati ya daktari na mgonjwa. Mwaka 1915 Sigmund Freud aliandika kwamba mapenzi yanayozuka katika matibabu ni sehemu ya matibabu yenyewe, na daktari hapaswi kuyaitikia. Katika hilo Constance anavuka mpaka. Lakini katika swali la imani yuko upande wa haki: aliona chongo, akakiita chongo, akatafuta kilicholiumiza jicho. Imani ya namna hiyo, inayokubali kupimwa, haimdhulumu mtu wala ukweli.