Kiatu Kiko Wapi?

Gundi ya fundi viatu hufanya kazi mbili hapa Kisumu. Mchana inashika soli ya mtoto wa shule. Usiku inamlaza mtoto mwingine kwenye baraza ya duka lililofungwa. Ni kopo lile lile na harufu ile ile. Basi swali langu ni hili: fundi anayemuuzia mtoto wa mtaani gundi ya bei ya chapati moja, ana hatia? Na kama anayo, ni yake peke yake?

Swali hili lilinijia kupitia kazi. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilikataa, na tangu hapo naandika chochote kinacholipwa. Mteja mmoja akanipa kazi ya kuandika maelezo ya gundi anazouza: ipi ya mbao, ipi ya ngozi, ipi ya plastiki. Nikasoma wiki nzima. Jioni nikawa naenda kukaa na fundi mmoja karibu na soko la Kibuye, nione kama niliyosoma ni kweli. Kwa sababu ya umri wake namwita Jaduong'. Yeye ananiita nyathiwa.

Gundi ya viatu, ile ya rangi ya asali, ni mpira uliotengenezwa kiwandani, mara nyingi ule unaoitwa neoprini, ambao wanakemia wa DuPont waliupata mwaka wa 1930. Mpira huo umeyeyushwa kwenye kimiminika kinachokauka haraka, kwa kawaida tolueni au ndugu zake. Fundi anakwaruza pande zote mbili, anapaka pande zote mbili, halafu anaacha. Anangoja kama dakika kumi, mpaka akigusa kwa kidole isinate. Hapo ndipo anabandika na kugonga kwa nyundo. Mteja aliyesimama kwa mguu mmoja huona anacheleweshwa bure. Kumbe fundi anangoja tolueni itoke, kwa sababu ikifungiwa ndani soli haitashika vizuri.

Hebu tulia hapo kidogo. Tolueni haibaki kwenye kiatu ulichovaa. Kazi yake ni kuufikisha mpira kwenye ngozi, kisha iende zake hewani. Mtoto anavuta kile ambacho kiatu hakikihitaji tena.

Mvuke huo unapenda mafuta, na ubongo una mafuta mengi. Kwa dakika chache tu njaa inapungua, baridi inapungua, woga unapungua. Watafiti waliofanya kazi na watoto wa mtaani kule Eldoret walikuta gundi ndiyo inayotumiwa zaidi, na ukiuliza kwa nini, njaa na baridi ndiyo majibu utakayosikia. Ikivutwa miaka, inaharibu nyuzi nyeupe zinazobeba ujumbe ndani ya ubongo. Mtu anatembea akiyumba hata siku ambayo hajavuta. Na kuna wakati moyo unasimama ghafla, hata kwa aliyejaribu mara ya kwanza.

Jibu la kwanza utakalosikia ni kwamba gundi ni kama kisu: kisu hukata nyanya na kisu huua, na hatumfungi anayeuza visu. Mimi jibu hili nalikubali nusu. Kisu hakijui kitatumika wapi, sawa. Lakini muuzaji ana macho. Mtu akija kununua kisu huku anapiga kelele kwamba anaenda kumuua jirani, utamuuzia? Mtoto wa mtaani anakuja na chupa tupu, bila kiatu. Gundi yenyewe haina nia, lakini anayeimimina kwenye ile chupa anajua inaenda wapi. Hawezi kusema hakujua.

Jibu la pili ni gumu zaidi, na ni la Jaduong' mwenyewe. "Nikimnyima, nyathiwa, ataenda kwa yule pale. Yule naye akimnyima, atatafuta petroli. Sasa mimi nitakuwa nimemsaidia nani?" Hajaongea uongo. Lakini angalia jibu hilo linathibitisha nini. Linathibitisha kwamba kunyima peke yake hakutoshi. Halithibitishi kwamba kuuza ni sawa. Ukisema "mwingine atafanya," umetueleza juu ya huyo mwingine. Juu yako hujatuambia kitu.

Na Jaduong' analijua hilo, kwa sababu yeye hauzi. Ana sentensi moja tu kwa watoto wanaokuja jioni: "Kiatu kiko wapi?" Siku moja mvulana akaleta kweli, kiatu cha mguu mmoja alichookota kwenye taka. Jaduong' akakikwaruza, akapaka, akangoja, akagonga. Hakumtoza kitu. Mvulana alikaa pale muda wote, kisha akauliza kama anaweza kuleta ingine. Sijui alimaanisha kiatu kingine au alikuwa anafuata harufu. Labda vyote viwili. Lakini kwa zile dakika kumi alikuwa mteja, na kuna mtu mzima aliyekuwa anashughulika na kitu chake.

Sasa tupande juu, kwa sababu fundi ndiye mtu wa mwisho kwenye mnyororo mrefu. Nchini Marekani kampuni ya Testor, iliyotengeneza gundi ya ndege za kuchezea, iliongeza mafuta ya haradali kwenye gundi yake mwishoni mwa miaka ya 1960, ili anayevuta achomwe pua. Kule Honduras na Guatemala, watoto wa mtaani waliitwa jina lililotokana na gundi ya Resistol, iliyouzwa na kampuni ya H.B. Fuller. Mwaka wa 1992, baada ya shinikizo la miaka, kampuni ikatangaza kwamba itaacha kuiuza rejareja huko. Makopo makubwa ya viwandani yakaendelea. Kwa hiyo mtengenezaji naye hawezi kusema mikono yake imefungwa. Ameshaonyesha kwamba akitaka, anaweza kubadilisha kitu.

Kwani gundi za maji hazipo? Zipo. Shida ni kwamba maji hukauka polepole kuliko tolueni, na kwenye mvua za Aprili pale kando ya barabara, polepole zaidi. Mteja anataka kiatu saa hii, kwa bei ya jana. Mteja huyo ni mimi na wewe. Haraka yetu imo ndani ya lile kopo. Sisemi hatia yetu ni sawa na ya anayejaza chupa. Nasema tu haiwezi kuwa sifuri.

Kuna jambo moja katika ufundi huu ambalo limenisaidia kufikiri. Si kila kitu kinashikwa na kila gundi. Gundi ya viatu inapenda ngozi, turubai na mpira. Plastiki laini ya PVC inaisumbua, kwa sababu mafuta yanayoilainisha hutoka kidogo kidogo na kuilegeza gundi; hapo unatumia ile ya poliuretani. Plastiki ya jerikeni ndiyo mbaya kabisa. Gundi inajikunja juu yake kama maji juu ya jani la nduma. Ndiyo maana jerikeni iliyopasuka huwa inayeyushwa kwa chuma cha moto, haigundishwi. Na akala hazipotezi muda na gundi, ni misumari tu.

Kwa hivyo kiatu kikiachia, Jaduong' hakimbilii kopo. Kwanza anaangalia pale kilipoachia. Gundi ikiwa imebaki pande zote mbili, basi gundi yenyewe ndiyo iliyokatika, ilikuwa dhaifu. Lakini ikiwa yote imebaki upande mmoja, na upande wa pili umetoka safi, basi huo upande wa pili haukuwahi kushikwa. Ulikuwa na vumbi, au nta, au hakuna aliyeukwaruza. Kuongeza gundi hapo ni kazi bure.

Sisi tukimwona mtoto na chupa mdomoni, karibu kila mara tunauliza yeye ana shida gani. Alitoroka kwa nini? Mama yake yuko wapi? Mbona hataki shule? Halafu tunamwita chokora, jina la kuchakura taka, na tunavuka barabara. Ni nadra kuangalia upande wetu. Mtoto yule ana alama za mji huu mwili mzima: kovu la rungu la askari, jina tulilompa, harufu ya gundi yetu. Sisi yeye ametuachia alama gani? Hata jina lake halisi hatulijui. Tumetoka safi.

Hapo ndipo nafikia jibu langu. Fundi anayeuza ana hatia, na umaskini wake unaipunguza bila kuifuta. Mtengenezaji ana kubwa zaidi, kwa sababu anajua zaidi na ana nafasi zaidi ya kuchagua. Na sisi wengine tuna ile ya upande uliotoka safi, ambayo haiumi, na ndiyo maana inadumu. Sheria ya kufungia makopo inaweza kusaidia, lakini itashughulika na gundi tu. Yule mtoto bado atakuwa na njaa saa mbili usiku.

Yule mteja wangu aliniambia onyo la mvuke likae mwisho kabisa, kwa herufi ndogo, lisitishe wanunuzi. Nililiweka juu, kabla ya bei. Akalirudisha chini. Akanilipa, na kazi ya pili hajanipa. Onyo lile halitamfikia mtoto wa pale stendi, hata lingekuwa juu. Lakini litasomwa na mtu anayemimina, na kuanzia hapo naye atakuwa anajua.