Pumzi ya Jirani Yako



Katika kijiji chetu yuko mama mmoja mzee ambaye kila Dominika alifika kanisani somo likiwa limekwisha kuanza. Mimi katekista nilimkaripia mbele ya watu: «Mama, uvivu huu utauacha lini?» Hakujibu neno. Siku moja nikapanda kilima pamoja naye. Hatua kumi, akasimama. Hatua kumi tena, akaketi juu ya jiwe, akihema kama mtu aliyekimbia mbali. Hapo nikaona haya. Mkosaji alikuwa mimi.

Mapafu ya mama huyu yameharibiwa na moshi. Miaka mingi alipika katika nyumba isiyo na dirisha. Moshi wa kuni, sawa na moshi wa tumbako na vumbi la migodi, hudhuru njia za pumzi hata zikawa nyembamba. Ugonjwa huu si uchawi, wala hauambukizi. Dawa za hospitali humpa mgonjwa nafuu, lakini haziuondoi. Walakini kila akohoaye majuma mawili na zaidi aende kwanza kupimwa, maana huenda ni kifua kikuu, nacho huponyeka kwa dawa.

Je, asiyeponyeka aishi katika huzuni tu? Hasha! Apikie nje, kwa kuni kavu. Pumzi ikimpungukia, aketi, ainame mbele kidogo, mikono juu ya magoti. Avute hewa kwa pua, aitoe polepole kwa midomo iliyobanwa, kama apulizaye kaa la moto. Atembee kidogo kila siku, miguu yake isije ikalegea.

Yaliyobaki ni kazi yetu. Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha ya kuwa siku ya hukumu atatuuliza kama tulimtazama alipokuwa mgonjwa. Ninyi mnazijua sala kwa moyo, vema. Lakini ni nani aliyemchotea mama yule maji? Ni nani aliyemkatia kuni? Ni nani aliyetembea kwa mwendo wake?

Nilimwomba mama msamaha, mbele ya watu walewale. Sasa vijana wawili humtangulia na kiti, naye hupumzika njiani kila anapochoka. Ugonjwa ungalipo, bali Dominika hufika kabla ya kengele, akicheka.

Nanyi, kabla ya kuomba ubatizo, mtafuteni jirani anayehema peke yake.