UZIO WA LANTANA NA MPAKA WA JIRANI

Somo: Kumbukumbu la Torati 19:14



Somo letu lamkataza mtu kusogeza mpaka wa jirani yake. Sisi wa Goma neno hili latugusa. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka hadi katikati ya mji na kufika ziwani, ukafunika nyumba na alama za viwanja. Watu walirudi, wakajenga juu ya lava ileile. Mahali pengine kinachoonyesha mwisho wa kwangu na mwanzo wa kwako ni uzio wa miti tu.

Lantana twaipenda, na ni haki. Asili yake ni Amerika, ikaenezwa kama ua la bustani. Hata kwenye lava inashika: toboa shimo kwa mtaimbo, jaza udongo na samadi, panda kipande cha tawi mvua za Septemba zinapoanza, mwagilia mpaka kichipue. Baadaye itavumilia kiangazi yenyewe.

Lakini ikiachwa haitulii. Tawi likigusa udongo latoa mizizi. Ndege wala matunda yaliyoiva, meusi, na kuangusha mbegu ng'ambo. Miaka michache tu, jirani amekosa njia ya kwenda chooni kwake. Ndipo twamsikia mwamini, tena anayeimba kwaya, akisema: "Mpaka wangu ni pale uzio ulipofika!" Ndugu, hukusogeza jiwe, uliacha panga likae. Mbele za Mungu ni kitu kimoja.

Tena, matawi yaliyokatwa yasitupwe njiani. Majani yake ni sumu kwa mbuzi, na yule mjane ana mbuzi mmoja tu wa ada ya shule. Watoto wasionje matunda mabichi. Yule aliyechuma matango-mwitu siku za Elisha (2 Wafalme 4) hakuwa na nia mbaya, walakini mauti iliingia chunguni.

Basi, Jumamosi ya salongo, kila mwenye uzio amwite jirani yake na chefu wa avenyu kabla ya kukata. Vuteni kamba pamoja. Kateni pande zote mbili, uzio ubaki kimo cha kifua, na miche iliyoota nje ya mstari ing'olewe na mizizi yake. Mwenye ugomvi na jirani aanze kwa kupatana naye, ndipo alete sadaka Jumapili. Kamba iko kwa mashemasi.